Banda huja na lori, kiwanja ni juu yako: kuandaa ardhi ya gereji ya kuunganisha, Tanga

Siku hizi mtu wa Tanga anayetaka gereji ya gari au stoo nyuma ya nyumba halazimiki kuita fundi wa matofali. Analipa, lori linashusha fremu za chuma, mabati yaliyokwisha kukatwa, boksi la skrubu na karatasi ya michoro, kisha vijana kadhaa wanaunganisha kwa siku moja au mbili. Bei hutajwa wazi, na siku ya kuleta hutajwa wazi. Lisilotajwa sana ni hilo banda litakaa juu ya nini. Kwenye karatasi ya mauzo utakuta mstari mmoja tu: mteja ataandaa sehemu iliyo sawa na imara. Mstari huo ndio kazi yenyewe.

Wengi wanauelewa vibaya kwa sababu ya mazoea ya nyumba. Msingi wa nyumba ya matofali kila mtu anaujua: upo kubeba uzito wa kuta na paa. Kwa hiyo mtu akiambiwa ni banda la bati anajisemea, kitu chenyewe chepesi, ardhi itabeba tu. Na kweli itabeba. Banda tupu la mita 3 kwa 6 huwa na uzito wa kilo mia chache, halina nguvu ya kudidimiza chochote. Ila kiwanja chake kina kazi tatu ambazo mzigo haumo: kulishika banda katika umbo lake, kuyapeleka maji mbali nalo, na kulizuia lisiondoke upepo ukivuma. Ukiweka gari ndani kazi ya mzigo nayo inarudi, lakini hizo tatu ndizo zinazoharibu mabanda mengi, na wepesi wa banda unazizidisha.

Tofali linasamehe, bati halisamehi

Fundi wa matofali akikuta msingi umeshuka sentimita mbili upande mmoja, anaongeza udongo wa saruji kwenye kozi ya kwanza na mambo yanakwenda. Ukuta wake unajengwa pale pale, unafuata hali ya pale. Bati la banda la kuunganisha limetobolewa kiwandani. Tundu la fremu na tundu la bati zinatakiwa kukutana ndani ya milimita chache, na aliyezitoboa hajui kiwanja chako kikoje.

Kibaya kuliko vyote ni kona moja kushuka huku tatu zikiwa sawa. Kiwanja kilichoinama chote kwa pamoja bado kitakuruhusu kuunganisha, ingawa mlango utakuwa unajifungua au kujifunga wenyewe. Kona moja ikishuka, fremu nzima inajisokota. Skrubu za chini zinaingia, za juu zinagoma, vijana wanaanza kutoboa matundu mapya, na kila tundu jipya ni mahali ambapo kutu itaanzia. Mlango wa shata, ule unaokunjwa kwenda juu, ndio unaoumia kwanza, maana unapita kwenye reli mbili ambazo lazima ziende sambamba.

Kwa hiyo kabla ya jembe kugusa ardhi, soma mchoro wa banda lako. Angalia vipimo vilivyoandikwa ni vya nini. Banda linalouzwa kama "3 kwa 6" mara nyingine limepimwa kwenye paa, pamoja na bati linalochomoza nje, na fremu ya chini ni fupi kuliko hapo. Mara nyingine ni kipimo cha ndani. Unachokitaka ni kipimo cha nje cha fremu ya chini, na usimwage zege hata ndoo moja kabla hujakipata kwa maandishi kutoka kwa muuzaji.

Kuseti kwenyewe, yaani kupima na kuweka alama za banda ardhini, ni elimu ambayo fundi yeyote mzuri wa Ngamiani, hapa mjini, anayo mikononi. Vigingi, mbao za kufungia kamba nje kidogo ya eneo la kuchimba, na uzi. Kona inapigwa skwea kwa 3, 4, 5: pima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na ukiunganisha ncha zake upate mita 5 kamili. Halafu hakikisha kwa kupima kona kwa kona. Kwa banda la mita 3 kwa 6, kamba hizo mbili za mshazari zinatakiwa zote kuwa mita 6.71. Zikitofautiana kwa sentimita moja, zungumzeni. Zikitofautiana kwa tatu, ng'oa vigingi uanze upya. Vigingi ni bure, zege si bure.

Usawa usipimwe kwa pima maji fupi inayohamishwahamishwa juu ya ubao wa mita 6, kwa sababu kosa dogo la kila hatua linajumlika. Mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojazwa maji, unatoa usawa wa kweli kutoka kona hadi kona, na gharama yake ni ndogo. Sharti ni moja: usiwe na povu la hewa ndani, maana povu linapotosha kipimo na fundi anabaki akibishana na maji.

Ardhi ya Tanga si moja

Hapa ndipo ushauri wa jumla unapokwama. Anayejenga Raskazone, karibu na bahari, na anayejenga Pongwe, upande wa bara, hawana tatizo moja, na hata viwanja viwili vya mtaa mmoja vinaweza kutofautiana.

Karibu na bahari utakutana na mwamba wa matumbawe. Watu hufurahi wakigonga mwamba, wakidhani kazi imekwisha. Mwamba ni mgumu, sawa, lakini haulali tambarare. Upande mmoja wa kiwanja unachomoza juu, upande wa pili umezama nusu mita na juu yake kuna mchanga au kifusi. Ukimwaga jamvi la zege hapo, yaani sakafu nzito ya kukalisha banda, nusu yake inakaa juu ya jiwe lisilosogea na nusu nyingine juu ya kitu kitakachoshuka kidogo. Jamvi litapasuka pale pale pa mpaka. Dawa yake inaonekana kama upotevu wa kazi: chonga vichwa vya mwamba vilivyochomoza, halafu tandaza moramu, udongo wa changarawe, ya unene wa sentimita 15 hivi iliyoshindiliwa chini ya jamvi lote, ili lote likae juu ya kitu cha aina moja.

Ukienda bara kidogo, mawe ya chokaa ndiyo yanayolisha viwanda vya saruji vya Pongwe na Maweni, na ndiyo yaliyochongwa na maji mpaka tukapata Mapango ya Amboni. Chokaa huyeyuka taratibu kwa maji ya mvua yanayopenya ardhini. Sisemi kwamba chini ya kila ua kuna pango. Nasema kwamba kwenye ardhi ya namna hiyo matundu madogo ni jambo la kawaida, na kuyatafuta hakuhitaji mashine. Chukua mtaimbo, piga kila baada ya nusu mita, sikiliza. Mahali penye uwazi mlio wake ni mwingine, na mtaimbo unaweza kuzama ghafla. Chimba hapo, toa udongo laini, jaza mawe na moramu kwa tabaka.

Mtaimbo huo huo utakusaidia mjini, ambako hatari haikuletwa na maumbile bali na watu. Nyua za nyumba za zamani zina vyoo vya shimo vilivyofukiwa, visima vilivyosahauliwa, na mashimo ya taka. Aliyefukia alitupia alichonacho na kuweka udongo juu. Mwulize mzee wa nyumba kabla ya kumwuliza fundi. Bibi aliyeishi hapo tangu ujana wake anajua choo cha zamani kilikuwa upande gani.

Udongo mwekundu wa kichanga ndio rahisi kuliko yote. Mchanga mtupu nao ni mzuri kuliko sifa zake, alimradi umwagiwe maji, ushindiliwe, na kingo zake zizuiwe kwa tofali au zege usitambae. Wa kuogopwa ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka kiangazi nyufa za kuingiza vidole na kuvimba wakati wa masika. Huo hauna mapatano. Kwa banda dogo, toa angalau nusu mita na uweke moramu. Kwa gereji ya gari, ikiwa udongo huo ni mwingi na umekwenda chini sana, mlete mhandisi akitazame kiwanja, au hamisha banda kwenye sehemu nyingine ya ua.

Popote ulipo, udongo wa juu wenye majani na mizizi uondoke, sentimita 15 hadi 20. Visiki vitoke vyote, cha mnazi na cha mwembe. Mzizi uliobaki unaoza, unaacha uwazi, na kabla haujaoza mchwa wameshaufanya njia. Weka dawa ya mchwa baada ya kushindilia na kabla ya kutandaza nailoni ya kuzuia unyevu, hata kama banda ni la chuma tupu, kwa kuwa utakachokihifadhi ndani si chuma.

Kushindilia kuna kanuni ambayo vibarua wanaichukia: tabaka nyembamba. Mwaga sentimita 15, nyunyiza maji, shindilia, ndipo umwage nyingine. Ukimwaga nusu mita kwa mkupuo na kupitisha mashine juu, unakuwa umeshindilia ngozi tu. Unyevu nao una kipimo chake cha mkono. Finya konzi ya moramu: ikishikana na ukiiangusha ikavunjika vipande vichache, inafaa. Ikiwa vumbi, ongeza maji. Ikikuachia matope viganjani, ngojea ikauke.

Maji yanaingia kwa njia tatu

Mvua ya milimita 50, ambayo kwa masika ya Tanga si ya kushangaza, ikinyesha juu ya paa la mita 3 kwa 6 inatoa lita 900. Maji hayo yote yanaanguka kwenye mstari mwembamba chini ya ukingo wa bati. Yasipoelekezwa, yanachimba mtaro pembeni mwa jamvi, udongo wa chini unatoka, na ukingo wa zege unabaki ukining'inia. Kwa hiyo uso wa jamvi uwe juu ya ardhi ya pembeni kwa sentimita 15 hivi, na ardhi yenyewe iteremke kwenda mbali na banda kwa sentimita 2 kila mita. Mbele ya mlango wa gari itabidi uweke mteremko wa kupandia, na mfereji mdogo wa kukatiza kama barabara iko juu kuliko ua wako. Mfereji usiishie kwa jirani. Ugomvi wa maji ya mvua ni mgumu kusuluhisha kuliko wa mpaka.

Njia ya pili ni ya siri, na inawakuta hata waliomwaga zege zuri. Mtu anatengeneza jamvi kubwa kuliko banda, sentimita 20 zaidi kila upande, akidhani ndiyo uimara. Mvua inapiga ukuta wa bati, inashuka, inatua juu ya ukingo huo wa zege uliotokeza nje, na kwa kuwa zege la ndani na la nje liko usawa mmoja, maji yanapita chini ya fremu na kuingia ndani. Halafu lawama zinakwenda kwa paa. Jamvi linatakiwa liwe sawasawa na fremu ya nje, bati la ukuta lishuke chini kidogo ya uso wa zege. Ukitaka njia ya kutembea pembeni, iwe chini kwa sentimita kadhaa na iteremke kwenda nje.

Ya tatu haitoki juu kabisa. Ardhi ya pwani ina unyevu mwaka mzima. Banda likikaa juu ya udongo mtupu, au juu ya zege lisilo na nailoni chini yake, unyevu unapanda, hewa ya ndani inajaa mvuke, usiku bati linapoa na mvuke unageuka matone. Asubuhi vitu vimelowa na anga haikuwa hata na wingu. Watu wamepanda juu ya paa na lami kutafuta tundu ambalo halipo. Nailoni nzito, ile inayouzwa kwa ajili ya ujenzi, itandazwe chini ya jamvi lote na maungio yapishane kwa sentimita 30. Acha pia nafasi za hewa juu ya kuta, pande mbili zinazotazamana.

Upepo huondoka na kitu chepesi

Upepo wa kilomita 90 kwa saa unasukuma kwa nguvu inayokaribia kilo 40 kwa kila mita ya mraba. Juu ya paa letu la mita za mraba 18, nguvu ya kulinyanyua inaweza kufikia kilo 700. Banda lenyewe halina uzito huo. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu inakuwa mara nne, kwa hiyo hakuna faraja kwamba banda lilistahimili upepo wa juzi. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kiliikaribia pwani ya Tanzania na kufika upande wa Mafia. Tanga iko kaskazini zaidi, lakini bahari ni ile ile.

Hapo ndipo jamvi la gereji linapopata maana yake ya pili. Chukua jamvi la mita 3 kwa 6, unene sentimita 12, na kingo zilizochimbwa hadi sentimita 30 kwa upana wa sentimita 30. Hizo ni kama mita 3 za ujazo za zege, zaidi ya tani 7. Ukifunga banda vizuri kwenye kitu hicho, upepo utapasua bati kabla haujaling'oa. Bila hivyo, msemo wetu wa waja leo waondoka leo utatimia kwa banda.

Stoo ndogo ya majembe haihitaji zege lote hilo. Kitanda cha kokoto cha sentimita 10 hadi 15, kilichozungushiwa tofali au mbao iliyotiwa dawa, kinatosha na kinapitisha maji vizuri kuliko zege. Ila kokoto haishiki bolti. Chimba mashimo kwenye kona na katikati ya pande ndefu, sentimita 40 kwa 40 na kina cha 60, ujaze zege na kufunga fremu hapo. Kila shimo ni kilo 230 hivi za kushikilia, na sita ni tani moja na zaidi. Mawe yaliyowekwa juu ya fremu kwa ndani, ambayo nayaona mara nyingi, si nanga. Ni mawe.

Upande wa mlango nao ufikiriwe. Kusi inapovuma kwa nguvu katikati ya mwaka, mlango mpana uliofunguka upande wa kusini-mashariki unajaza banda upepo kutoka ndani wakati paa linavutwa kutoka nje. Ukiweza kuchagua, uelekeze mlango kwingine.

Zege lenyewe

Kwa jamvi la gereji uwiano wa 1:2:4 unatosha: saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, kwa hiyo kwa ndoo ya lita 20 ni mchanga ndoo tatu na nusu na kokoto ndoo saba kwa kila mfuko. Jamvi la mfano wetu litakula mifuko 20, zaidi au pungufu kidogo. Maji yasizidi sana ndoo moja na robo kwa mfuko, na yawe pungufu ya hapo mchanga ukiwa umelowa. Vibarua watataka zege liwe uji kwa sababu uji unasambaa wenyewe. Kila lita ya ziada inapunguza nguvu na kuongeza nyufa. Simama hapo kwenye ndoo ya maji, si kwenye kivuli.

Mchanga wa ufukweni usiutumie, hata ukiletewa mlangoni bure. Chumvi yake inakula nondo na bolti kutoka ndani, na chuma kikipata kutu kinavimba na kupasua zege. Chukua mchanga wa mtoni au wa shimoni uliosafi, na maji ya bomba. Kisima chenye maji ya chumvi kisihusike. Wavu wa chuma uinuliwe kwa vijiwe vya zege ubaki ndani ya jamvi. Ukilala juu ya nailoni hausaidii kitu.

Wakati mzuri wa kumwaga ni baada ya masika na kabla ya vuli. Lakini miezi hiyo ndiyo ya upepo, na upepo unakausha uso wa zege kabla ya ndani, ukaona nyufa kama za matope. Lifunike kwa magunia ya katani yaliyoloweshwa, bidhaa ambayo mtu wa Tanga hana kisingizio cha kuikosa, na uyaweke yakiwa na maji kwa siku 7 mfululizo. Ndipo ruhusu kutoboa matundu ya bolti. Gari lingojee, zege hupimwa nguvu yake ya kukubalika likiwa na siku 28. Bolti za kupanuka zisikae karibu mno na ukingo, zinapasua kona. Muuzaji wa banda hutaja umbali wa chini kwenye mchoro, na ndiyo sababu nyingine ya kingo kuwa nene. Ziwe bolti zilizopakwa zinki, kwa hewa hii ya chumvi.

Kibali ni jambo fupi lakini lisiachwe. Banda kuitwa la kuunganisha hakulifanyi lisiwe jengo: fika Halmashauri ya Jiji uulize kibali cha ujenzi na umbali wa kuacha kutoka mpaka, na uliza mabomba ya Tanga UWASA na nyaya za TANESCO zinapita wapi kabla mtaimbo haujazitafuta. Angalia pia kama lori lenye winchi litaingia uani, au vipande vitabebwa kwa mikono kutoka barabarani.

Siku mzigo ukifika, pima tena kona kwa kona juu ya zege lililokauka kabla ya kusaini chochote. Tofauti ya milimita chache za usawa chini ya fremu ijazwe kwa vipande vya chuma na udongo mkavu wa saruji, si kwa mbao, ambazo zitaoza na kulegeza bolti. Baada ya mvua kubwa za kwanza, zunguka nje uone maji yamechimba wapi, jaza hapo kokoto, kisha kaza bolti zote upya.